Mng'aro wa kalamu ya mbao hutoka kwa msasa, si kwa vanishi

KALAMU mbili za mbao zinaweza kutoka katika shina moja la mbuni, zikakerezwa na fundi mmoja kwa patasi moja, zikapakwa dawa ya chupa moja, na bado zikatofautiana kama kioo na bati kuukuu. Ya kwanza huonyesha taswira ya dirisha juu ya mwili wake na huendelea kuionyesha mwaka baada ya mwaka. Ya pili hung'aa siku ya kuuzwa tu. Baada ya miezi michache mfukoni hufifia, ikaota ukungu mweupe kwenye ncha zake, na aliyeinunua harudi tena kwa fundi huyo.

Lawama huangukia vanishi. Fundi husema alinunua mkebe mbovu, au kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ukweli ni kwamba kosa hutendeka mapema zaidi, kabla ya mkebe huo kufunguliwa: fundi alipokuwa akipiga msasa, akaona mbao imelainika kidoleni, akaridhika.

Katika Thika na Ruiru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mali ghafi ya kazi hii imelala chini bila mwenyewe. Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu, inayounganishwa na barabara kuu ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012, ilikulia katikati ya mashamba ya kahawa. Ruiru ndiko kiliko kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, na baadaye Batian mwaka 2010. Aina kongwe zaidi za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika Maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930, zingali shambani, na baadhi ya mashina yake ni ya umri wa babu.

Kahawa ya Kenya ilifikia kilele chake msimu wa 1987/88, yalipovunwa takriban tani 130,000. Mfumo wa migao ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka nao, na katika miaka ya karibuni mavuno yamekuwa chini ya nusu ya kilele hicho. Mashamba mengi kandokando ya barabara hiyo yamegeuka mitaa na ploti. Mji wa Tatu City karibu na Ruiru, kwa mfano, umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Mibuni inapong'olewa, mashina huishia mekoni au kwa mchoma makaa.

Wala si lazima mbuni ung'olewe ili fundi apate mbao. Mkulima anayeitunza kahawa yake vyema hubadilisha mashina kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 7, akiyakata yaliyochoka na kuacha machipukizi yashike nafasi. Shina linalokatwa huwa na unene wa kifundo cha mkono au pungufu. Kwa seremala wa meza hilo ni takataka. Kwa mtengenezaji wa kalamu, anayehitaji kipande cha upana wa milimita 19 na urefu wa milimita 127 hivi, ni ghala.

Mbao ya mbuni ni nyeupe yenye umanjano, nzito, na nyuzi zake zimebanana. Haina vitundu vikubwa vya kuzibwa. Sifa hizi huifanya ipokee mng'aro kuliko mbao nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa. Jirani zake shambani ni mgrevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima na ambao ulipandwa kama kivuli cha kahawa, na mti wa makadamia, ambao historia yake nchini huanzia mwaka 1946, Bob Harries alipoupanda karibu na Thika. Miti hii miwili asili yake ni Australia na ni ya ukoo mmoja. Ndiyo maana mbao zake zote mbili zina madoa yenye kumeta kama nyuzi za hariri, ambayo hujitokeza tu mbao inapong'arishwa sawasawa. Asiyejua kupiga msasa hatayaona kamwe.

Jani lililotoa jina

Kiswahili kilikuwa na msamiati wa kazi hii kabla ya karatasi ya msasa kufika dukani. Kukereza ni kuchonga kitu kinachozunguka, na mkereza ni mwenye kazi hiyo. Miguu ya vitanda iliyokerezwa ilikuwa pambo la nyumba za waungwana wa Lamu. Nao msasa ni mti: wanasayansi huuita Ficus exasperata, mmoja wa jamii ya mikuyu, wenye majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi waliyatumia majani hayo kulainishia mbao na pembe, na karatasi ya kiwandani ilipokuja ikarithi jina la mti. Wengi wanaotamka neno hilo kila siku katika karakana za jua kali hawajawahi kuuona mti wenyewe.

Jani lina kiwango kimoja cha ukali. Karatasi ina namba nyingi, na hapo ndipo penye elimu yote ya kazi hii.

Uso wa kitu hung'aa pale unaporudisha nuru upande mmoja, kama maji yaliyotulia. Ukiwa na mikwaruzo, kila mkwaruzo huirusha nuru upande wake, na jicho huona ukungu. Msasa hauondoi mikwaruzo yote. Huondoa mikubwa na kuacha midogo. Namba inayofuata huondoa hiyo midogo na kuacha midogo zaidi, hadi jicho lishindwe kuiona. Kwa maneno mengine, mng'aro ni mikwaruzo iliyopunguzwa ukubwa.

Katika kipimo cha Ulaya, ambacho karatasi yake huandikwa herufi P mgongoni, punje za msasa namba 180 zina upana wa wastani wa maikromita 82, karibu na unene wa unywele wa binadamu. Namba 240 ina punje za maikromita 58, namba 320 zina 46, namba 400 zina 35, na namba 600 zina 26. Anayeruka kutoka 180 hadi 600, kama wafanyavyo wengi wenye haraka, anaipa punje ya 26 kazi ya kufuta mfereji uliochimbwa na punje ya 82. Haiwezi, au itaiweza baada ya dakika nyingi ambazo fundi hana. Kinachotokea ni kwamba namba 600 hulainisha vilele vya kati ya mifereji. Kidole husema kazi imekwisha. Mifereji imebaki.

Kisha huja vanishi, na vanishi haifichi kitu. Umajimaji wake ulio angavu huingia mferejini na kuutia kivuli, hivyo mkwaruzo uliokuwa hauonekani kwenye mbao kavu husimama wazi kama mstari wa penseli. Fundi huongeza mkono wa pili na wa tatu akitumaini kuuzika. Unaonekana vizuri zaidi.

Jambo moja la kuangalia dukani: si karatasi zote hufuata kipimo cha Ulaya. Karatasi ya kipimo cha Marekani isiyo na herufi P na iliyoandikwa 400 ni laini kuliko P400, kwani punje zake ni za maikromita 23 hivi. Anayechanganya aina hizo mbili anaweza kudhani anapanda ngazi, kumbe anarudi chini.

Kabla ya msasa

Maandalizi hayana maneno mengi, ila kukauka kwa mbao. Shina bichi la mbuni likiachwa na gamba lake juani hupasuka kutoka kwenye moyo. Hukatwa vipande virefu kuliko vinavyotakiwa, ncha zake zikapakwa nta au rangi nzito, na kuwekwa kivulini penye hewa kwa miezi kadhaa. Mizani ya jikoni inatosha kuwa shahidi. Kipande hupimwa kila wiki mbili, na uzito wake ukikoma kushuka, kimekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali pale.

Kipande hutobolewa katikati, mrija mwembamba wa shaba ya manjano ukagundishwa ndani, ncha zikasawazishwa, kisha kikavishwa kwenye ufito wa chuma wa mashine ya kukereza kati ya pete mbili za chuma. Pete hizo humwonyesha fundi unene ambao mbao inapaswa kufikia ili ioane na vyuma vya kalamu. Patasi iwe imenolewa. Patasi butu hung'oa nyuzi badala ya kuzikata, na shimo lililong'olewa nyuzi ni refu kuliko mkwaruzo wowote wa msasa. Fundi mwenye patasi kali huanzia namba 240. Mwenye patasi butu huanzia 120 na bado hamfikii mwenzake.

Mpango wa namba

Mwendo wa mashine wakati wa msasa unafaa kuwa wa chini, mizunguko 1,000 kwa dakika au pungufu. Kasi haikati zaidi, bali huzaa joto. Mbao ya kalamu iliyobaki juu ya mrija ni nyembamba, mara nyingine milimita moja na kitu tu, na joto huikausha ghafla ikapasuka kwa urefu. Kipimo ni kidole kilicho nyuma ya karatasi. Kikianza kuungua, mbao nayo inaungua.

Karatasi huwekwa upande wa chini wa kalamu, ambako ikinaswa itatupwa mbali na vidole, na husogezwa kushoto na kulia bila kusimama. Haishikiliwi mahali pamoja. Haizungushiwi kidole wala kuzungushwa kalamu kama kitambaa, kwa sababu mashine ikiivuta huvuta na kidole.

Hatua ifuatayo ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotenganisha kalamu mbili zilizotajwa mwanzoni. Kila namba inapomaliza kazi, mashine huzimwa. Kalamu hupigwa msasa wa namba ile ile kwa mkono, kwa urefu, kufuata nyuzi za mbao, huku ikigeuzwa kidogo kidogo mpaka mzunguko utimie. Sababu yake ni rahisi. Mashine inapozunguka, mikwaruzo yote hukaa kama pete kuizunguka kalamu, ikikata nyuzi kwa upana. Msasa wa urefu hufuta pete hizo. Namba inayofuata inapoanza tena kwa kuzungusha, fundi huona upesi kama kuna mikwaruzo ya urefu iliyosalia, kwa kuwa inaelekea upande tofauti na ile anayoiweka sasa. Mikwaruzo ya namba mbili ikielekea upande mmoja, hakuna jicho linaloweza kuitenganisha.

Kisha kalamu hufutwa kwa karatasi laini iliyolowa spiriti. Kufuta huku kuna faida mbili. Kwanza huondoa punje za namba iliyopita, ambazo zikibaki zitaendelea kuchimba chini ya karatasi mpya. Pili, kwa sekunde chache kabla ya kukauka, spiriti huilowesha mbao kama vanishi itakavyoilowesha, na mikwaruzo iliyojificha hujitokeza. Taa iwekwe pembeni, nuru ilale juu ya kalamu kwa mshazari. Taa iliyo juu ya kichwa huwadanganya watu wengi. Mkwaruzo ukionekana, dawa yake ni kurudi namba moja au mbili nyuma. Kuendelea mbele ni kupoteza karatasi.

Mbuni una adhabu yake ya ziada. Kwa kuwa mbao yake ni nyeupe, msasa unapogusa pete za chuma huchukua vumbi jeusi la chuma na kulipaka juu ya mbao, likaacha kivuli cha kijivu kwenye ncha ambacho hakifutiki. Kwenye mpingo hakuna atakayekiona. Kwenye mbuni kinaonekana kama ukucha mchafu. Mafundi waangalifu hukomea msasa nywele moja kabla ya pete, au huziondoa pete za chuma baada ya kufikia kipimo na kuweka za plastiki.

Mgrevilea na mvule nazo zina vitundu. Hata zikipigwa msasa hadi namba 1,000, vitundu hivyo hubaki kuwa mashimo, na uso wenye mashimo haurudishi nuru upande mmoja. Huzibwa kwa unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi au shelaki na kusuguliwa ndani, kisha namba 400 inarudiwa.

Dawa ya juu

Baada ya namba 600 mbao huwa na mng'aro wa upole hata bila kupakwa chochote. Kinachofuata ni kuulinda uso huo na kuuongezea kina, na hapa mafundi hawakubaliani.

Nta ya nyuki ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo dhaifu zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, na kiganja chenye jasho huimaliza kwa wiki chache. Nta ya karnauba, inayotokana na mnazi wa porini wa Brazil, huyeyuka kwenye nyuzi 82 au zaidi, hivyo ni ngumu na hung'aa kuliko ya nyuki. Bado ni nta. Inafaa kwa kibweta kinachokaa kabatini kuliko kwa kalamu.

Shelaki, utomvu wa wadudu wanaofugwa India na Thailand, huyeyushwa kwa spiriti na ndiyo polishi ya kale ya maseremala wa samani. Juu ya mashine ya kukereza hupakwa kwa kitambaa na kusuguliwa mpaka msuguano uikaushe, na kwa dakika tano kalamu huwa kama kioo. Uzuri wake ni wa kweli na rangi yake ya asali huipendeza makadamia. Lakini kilichoyeyushwa kwa spiriti huyeyushwa tena na spiriti. Tangu mwaka 2020, virusi vya corona vilipoingia nchini na watu wakazoea kujipaka kitakasa mikono, mkono uliolowa dawa hiyo ukishika kalamu ya shelaki huifanya inate na kubaki na alama za vidole. Fundi anayeuza kalamu za shelaki kwa wahudumu wa hospitali anajitafutia ugomvi.

Vanishi ya kawaida ya mafuta ni imara, ila hukauka polepole na hukusanya vumbi la karakana ikiwa mbichi. Wenye subira huipaka mikono mitatu au minne, siku moja kati ya mkono na mkono, mahali pasipo na upepo.

Nayo gundi ya papo hapo, ile ya kichupa kidogo inayouzwa kila kioski kwa kuunganishia viatu, imekuwa kipenzi cha watengenezaji wa kalamu duniani. Kemikali yake, sianoakrileti, iligunduliwa na Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak mwaka 1942 alipokuwa akitafuta plastiki angavu. Iliachwa kwa kuwa ilinata kila kitu, na ikaanza kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Ikipakwa kwa tabaka nyembamba hugeuka gamba gumu na angavu, lisilojali spiriti ya mkononi wala jasho. Mkono wa kwanza huwa wa gundi nyepesi inayozama ndani ya nyuzi. Inayofuata, minne hadi kumi, huwa ya gundi nzito kidogo.

Unyevu wa hewa ndio unaoigandisha. Ndiyo maana katika baridi kavu huchelewa kushika, na fundi anayekosa subira huipulizia dawa ya kuharakisha kupita kiasi. Ikigandishwa kwa kasi hiyo hutoa mapovu meupe ndani ya gamba, na mapovu hayo hayaondoki ila kwa kukwangua yote na kuanza upya.

Hupakwa kwa karatasi laini, na kamwe si kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Gundi hii ikikutana na pamba hutoa joto kali kwa ghafla, la kutosha kuunguza vidole na kutoa moshi. Aliyevaa glavu za pamba akimwagikiwa nayo huumia zaidi kuliko asiyevaa kitu. Mvuke wake huwasha macho na pua, na dirisha lililofunguliwa ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo patasi.

Msasa juu ya gundi

Gamba la gundi linapokauka halina mng'aro wa kioo. Lina mabonde na vilima vya mkono uliopaka, na hapa safari ya msasa huanza upya, safari hii kwa maji. Fundi asiye na karatasi maalumu hana haja ya kuagiza ng'ambo. Maduka ya rangi za magari huuza msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 2,000, ule ule ambao wapakaji rangi wa magari hutumia. Punje za namba 1,000 zina maikromita 18, za namba 2,000 zina 10.

Namba 600 husawazisha vilima. Uso ukifutwa na kukauka, sehemu za mabonde hubaki ziking'aa huku pengine pote pakiwa pamefifia. Msasa uendelee mpaka doa la mwisho linalong'aa litoweke. Ni jambo la kushangaza kwa anayejifunza kwamba ili kalamu ing'ae lazima kwanza ififie kabisa, bila hata nukta moja ya mng'aro. Lakini akizidisha atalitoboa gamba na kufikia mbao, na mbao ikionekana kama kisiwa, hakuna njia isipokuwa kurudia gundi.

Kutoka hapo ni 800, 1,000, 1,500 na 2,000, kila mara kwa maji machache, kwa mwendo wa polepole, na kwa kusimamisha mashine ili kusugua kwa urefu. Wenye vitambaa maalumu vya msasa vinavyouzwa kwa wakereza, vyenye namba 1,500 hadi 12,000 katika ngazi tisa, wakumbuke kwamba namba hizo ni za kipimo chao wenyewe na hazilingani na za msasa wa kawaida. Kitambaa chao cha 1,500 ni kikali kuliko karatasi ya P1500. Mwisho hupakwa kampaundi ya kung'arishia rangi ya magari kwa kitambaa laini, na taswira ya dirisha hutokea.

Maji yana hatari yake. Ncha za kalamu, pale mbao ilipokatwa kwa upana, hunywa maji kama mrija. Zikiwa hazikuzibwa kwa gundi kabla ya msasa wa maji, mbao huvimba chini ya gamba na kuliinua. Huo ndio ukungu mweupe unaoota kwenye ncha baada ya miezi kadhaa, na ambao mnunuzi hudhani ni uzee wa kalamu. Tone moja la gundi nyepesi kwenye kila ncha, kabla ya maji, huzuia haya yote. Vivyo hivyo, gundi ikiunganisha kalamu na pete za chuma, kuzitenganisha kwa kuvuta hubandua gamba kwenye ukingo. Pete za plastiki ya polithini hazishikwi na gundi hii, na palipo na pete za chuma pekee, kiungo hukatwa kwanza kwa ncha ya kisu.

Vumbi

Kiasi cha mbao kinachogeuka vumbi katika kalamu moja ni kidogo, na hilo huwafanya mafundi wasijali. Ila vumbi la msasa wa namba za juu ndilo laini zaidi, hukaa hewani muda mrefu na huingia ndani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mianzi yake. Mvule huwaletea baadhi ya watu pumu, na mgrevilea huweza kuwasha ngozi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi dhidi ya vumbi la aina hii, na karakana ya mtu mmoja na mwanagenzi wake nayo ni mahali pa kazi.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje ndogo. Barakoa ya aina ya N95, ambayo Wakenya wengi waliijua wakati wa corona, huzizuia kwa sehemu kubwa ikikaa barabara usoni. Miwani huvaliwa tangu patasi inapoanza, kwa kuwa kipande cha mbuni chenye ufa usioonekana huweza kuruka. Msasa wa maji una neema yake hapa, kwa kuwa vumbi hubaki ndani ya tope.

Kalamu iliyokamilika isiunganishwe na vyuma vyake siku ile ile. Gundi huendelea kukomaa na kunywea kwa siku moja au zaidi baada ya kuonekana kavu, na kampaundi ikitumiwa mapema mno huacha uso ambao kesho yake umeshuka tena kidogo juu ya vitundu. Ikilala hadi siku ya pili, fundi huiangalia upya kwa taa ya pembeni kabla ya kuingiza vyuma. Pete moja ya mkwaruzo wa namba 240 ikionekana chini ya gamba wakati huo, gamba lote hutolewa kwa msasa hadi kwenye mbao. Gundi iliyopotea ni ya mikono sita au saba. Mbao, ikiwa unene wake bado unaruhusu, haijapotea.